Uliza Mpimaji: Kihisi kimefungwa, mbona sakafu ya bahari inacheza?

Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia kile kiboksi kidogo kinachofungwa ndani ya boti ya kupimia kina cha bahari, kihisi cha mwendo, kinachoiambia programu jinsi boti inavyoyumba ili vipimo visahihishwe. Sishangai. Tangu lango la bandari yetu ya Tanga lichimbwe hadi mita 13, na tangu kazi za bomba la mafuta kutoka Uganda zifike Chongoleani, vijana wanaopanda boti za vipimo wameongezeka hapa kwetu, na kiboksi hicho ndicho kinachowakosesha usingizi.

Tuelewane kwanza. Nikisema mrama, nina maana chombo kulalia kulia na kushoto. Mwinamo ni omo kuinuka na kuinama. Hivu, kama vijana wanavyoiita, ni chombo kizima kupanda na kushuka na wimbi. Uelekeo ni kule omo inakotazama. Haya, barua.

Shikamoo Mzee. Tunapima ghuba ya Tanga kwa sona ya miale mingi, ile inayotandaza miale ya sauti kama feni na kupima ukanda mzima wa chini kwa mara moja, tumeifunga kwenye nguzo ubavuni mwa boti ya fiba. Chini ni tope tambarare, lakini picha inatoka na migongo kama bati, hasa pembeni mwa ukanda. Katikati pametulia. Kiongozi wetu anasema ni mchanga uliopangwa na mkondo. Mimi siamini, ila sina la kumjibu. Fundi kijana, Chumbageni.

Marahaba mwanangu. Macho yako hayajakudanganya, na la kumjibu ninalo.

Rudini palepale mpitishe mstari unaoukata ule wa kwanza, msalaba kabisa. Migongo ya mchanga ni mali ya ardhi: itabaki pale pale, imeelekea kule kule, uje kutoka kaskazini au mashariki. Migongo inayoletwa na kihisi ni mali ya boti. Boti ikigeuka nayo inageuka, siku zote imelala mkingamo wa njia yenu. Ni mstari mmoja tu, wala hauli mafuta mengi.

Ukishamaliza ubishi huo, tafuta mwendo gani una kosa. Chukua mpigo mmoja wa sona, utazame kutoka ncha ya kushoto hadi ya kulia. Kama ukanda wote unapanda na kushuka pamoja, kesi ni ya hivu au ya vipimo vya mahali vifaa vilipokaa. Kama ncha zote mbili zinajikunja juu kwa pamoja, au chini kwa pamoja, mshitakiwa ni kasi ya sauti majini, kihisi mwachie. Kama ncha moja inapanda huku nyingine inashuka, na katikati pametulia kama ulivyoandika, ni mrama.

Sasa tuingie ndani, maana mrama una namna mbili za kukosea na wengi hawazitofautishi. Fungua grafu ya mrama na grafu ya kina cha mwale wa pembeni, uziweke moja juu ya nyingine, muda wake ukiwa uleule. Tazama kosa linakuwa kubwa wakati gani. Likiwa kubwa boti inapofika mwisho wa kulala, kabla haijaanza kurudi, basi kiasi chenyewe cha mrama kimekosewa: alama ya jumlisha na toa imegeuzwa, au nguzo inapinda. Lakini likiwa kubwa boti inapopita wima, halafu likatoweka kwenye ncha za mrama, hapo kiasi ni sahihi ila kimefika kwa kuchelewa. Sababu yake ni hii: boti hulala upesi zaidi inapopita wima, na kwenye ncha husimama kidogo. Aliyechelewa haonekani pale ambapo hakuna kinachokwenda.

Nikupe hesabu. Boti yako inalala digrii 5 kila upande, na kwenda na kurudi ni sekunde 6. Inapopita wima, inazunguka kwa zaidi kidogo ya digrii 5 kwa sekunde. Taarifa ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, umekosa nusu digrii. Kwenye maji ya mita 20, mwale unaotoka digrii 60 pembeni utapotoka kina kwa sentimita 30 hivi. Viwango vya S-44 vya IHO, shirika la kimataifa la upimaji wa bahari, toleo la 6 la mwaka 2020, kwa Daraja Maalumu vinakuruhusu sentimita 29 kwenye kina hicho, na hapo ni makosa yote kwa jumla: maji kupwa na kujaa, sauti, mzamo, kila kitu. Kuchelewa peke yake kumekwisha kula yote.

Kuchelewa kunatoka wapi? Mara nyingi ni saa na waya. Kila kifaa kinatakiwa kigonge muhuri wa muda pale pale kinapopima, kwa saa ya setilaiti, kikisaidiwa na ule mpigo wa umeme wa kila sekunde moja unaotoka kwenye GPS. Kama kompyuta ndiyo inayogonga muhuri ujumbe unapoingia, umeshachelewa na huna hata uhakika umechelewa kiasi gani. Tazama pia kasi ya tundu la waya kwenye kompyuta. Ujumbe mmoja unaotumiwa sana na vihisi una herufi 27. Ukiagiza utumwe mara 100 kwa sekunde ni herufi 2,700. Waya uliowekwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde unapitisha herufi 960 tu kwa sekunde. Nyingine zinapanga foleni, au zinatupwa. Weka 115200 uone.

Kama grafu imesema ni kiasi, alama ya jumlisha na toa naiacha, kuna dada ameiuliza hapa chini. Tazama nguzo. Kihisi umekifunga ndani ya boti, sona iko nje kwenye ncha ya bomba. Maji yakilisukuma bomba, sona inainama peke yake na kihisi hakina habari. Pitisha mstari uleule polepole, kisha kwa mwendo wa kazi. Migongo ikikua na mwendo, chukua kamba za waya uibane nguzo mbele na nyuma. Sona za siku hizi zenye kihisi ndani ya kichwa chake zimeponya ugonjwa huu kwa sehemu kubwa, kwani popote kichwa kinapokwenda na kihisi kipo.

Kiongozi wako usimwambie kwamba Mzee wa gazetini kasema. Mwonyeshe ule mstari wa msalaba, unyamaze.

Mzee shikamoo. Kitabu cha kihisi kinasema mhimili wa tatu unahesabu kwenda chini. Programu ya kukusanyia data inasema unahesabu kwenda juu. Sona nayo ina lake. Nimegeuza alama za jumlisha na toa mpaka nimechanganyikiwa. Nimwamini nani? Binti wa Sahare.

Marahaba binti. Usimwamini yeyote kati yao mpaka umeitikisa boti.

Vitabu vyote viko sahihi, kila kimoja nyumbani kwake. Kongsberg, kwa mfano, wanahesabu mhimili wa kwanza kwenda omo, wa pili kwenda kulia na wa tatu kwenda chini. Zipo programu zinazoanza na kulia, zikafuata omo, kisha juu. Wewe umesimama katikati unatafsiri, na tafsiri ya kichwani ndiyo inayochanganya.

Fanya hivi. Amka alfajiri, upepo haujaamka. Boti iwe imefungwa gatini kwa kamba zilizolegea, sona imeteremshwa, chini pawe tambarare. Chukua karatasi, andika KABLA ya kugusa chochote unachotarajia kuona: boti ikilalia kulia, namba ya mrama iende juu au iende chini, kwa kadiri ya kitabu cha programu. Kisha waambie wale watatu walioshiba zaidi wasimame ukingoni kulia. Wewe usitazame skrini ya kihisi. Tazama namba inayoingia kwenye programu, maana huko ndiko hesabu inakofanyika. Wakishasimama, tazama na mchoro wa chini ya bahari uliokwisha kusahihishwa. Ukibaki tambarare huku nyinyi mmelala, umepatia. Ukilala pamoja na boti kiasi kilekile, masahihisho hayaingii kabisa. Ukilala mara mbili ya boti, alama iko kinyume: mmelala digrii 4, mchoro umelala 8. Hapo hakuna haja ya kusoma kitabu tena.

Wahamishe wakakae omo, urudie kwa mwinamo.

Hivu ina shida yake, watu watatu hawawezi kuinyanyua boti. Kama kihisi bado hakijakazwa, kishike kwa mikono miwili, kinyanyue haraka kiasi cha sentimita 30, ubaki umekishika juu. Namba itaruka upande mmoja, halafu itaanza kurudi sifuri taratibu ingawa mikono yako haijashuka. Usishtuke, hakijaharibika, na sababu utaiona kwenye barua ya nne. Wewe iliyokuhusu ni ule mruko wa kwanza tu: umekwenda jumlisha au toa? Kama kimeshakazwa, subiri boti ya uvuvi ipite na mawimbi yake yakufikie.

Jambo moja nalisisitiza, kwa sababu naliona kila nikipanda boti ya watu: alama igeuzwe mahali pamoja. Ukigeuza kwenye kihisi, na mwenzako wa zamu ya mchana akageuza kwenye programu, mmerudi mlikotoka, na safari hii hakuna anayejua. Mimi kihisi nakiacha kama kilivyotoka kiwandani. Kinachogeuzwa kinageuzwa kwenye programu, kinaandikwa daftarini na saa yake na jina la aliyegeuza.

Mzee, sisi tuliipweleza boti kwenye mchanga, maji ya bamvua yalipokupwa, ili tupime ofuseti, yaani umbali kutoka kifaa hadi kifaa, kwa tepu na timazi. Tumepima mara tatu, kila mara jibu lingine, tofauti inafika sentimita 20 upande wa ubavuni. Tepu ni mpya. Tatizo nini? Vijana wa Mwambani.

Tatizo ni kwamba boti ilikuwa imelala na timazi haijui.

Timazi inafuata mvuto wa dunia. Ofuseti unazihesabu kwa mihimili ya boti yenyewe. Boti ikikaa sawa majini, wima wa dunia na wima wa boti ni kitu kimoja. Ikipwelewa mchangani inalalia mkuku, na wima hizo mbili zinaachana. Timazi yenye kamba ya mita 3, kwenye boti iliyolala digrii 4, itaangukia sentimita 21 kando ya pale ilipotakiwa. Hizo ndizo sentimita zenu. Na kwa kuwa mchanga unaendelea kuzama chini ya boti mkiwa mnapima, kila mkirudia mlalo umebadilika.

Wazo la kutumia bamvua ni zuri, msiliache. Hapa kwetu maji yanashuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo boti nzima unaipata nchi kavu bila kulipia chelezo. Ila kabla ya tepu, kateni magogo, muitegemeze kulia na kushoto, kifaa cha pima maji kiwekwe kwenye ubao ule ambao chombo kikiwa majini ndio huwa sawa. Subirini kidogo kama inazama, mrekebishe, ndipo mpime. Au pimeni bila timazi, kwa kufuata boti yenyewe: kutoka mstari wa kati uliochorwa kwa uzi omo hadi nyuma, na kwa mraba wa seremala. Mimi napenda njia hii ya pili. Inachosha mgongo, lakini mchanga ukizama haikuhusu.

Mmeuliza pia, kwenye ukurasa wa pili wa barua, kama kihisi kiwekwe chini ya usukani karibu na betri kwa kuwa mwenye boti hataki kutoboa kwingine. Kwa mrama na mwinamo, mahali si hoja. Boti ngumu ikilala digrii 5, imelala digrii 5 kila kona yake. Kinachotakiwa ni ubao usiotikisika, mbali na mtetemo wa injini, na kihisi kitazame omo sawasawa. Hivu ndiyo inayojali mahali, kwa sababu omo ikipanda nyuma kunashuka. Kihisi kikiwa mita 3 mbele ya sona na boti ikainama digrii 4, hesabu ni ileile ya timazi: sentimita 21 za uongo, isipokuwa programu imeambiwa hizo mita 3. Ikiambiwa, inazitoa yenyewe. Kwa hiyo mwenye boti mkubalieni, ila mpime vizuri. Antena ya GPS nayo msiisahau. Ikiwa juu ya mlingoti wa mita 4, mrama wa digrii 5 unaisogeza kando sentimita 35, na ramani yenu itakwenda ikijipindapinda ijapokuwa nahodha amenyoosha.

Chagueni alama moja ya sifuri, bolti isiyotoka, ipakeni rangi. Kila ofuseti ianzie hapo. Urefu kutoka sifuri hadi usawa wa maji upimwe upya kila asubuhi baada ya kujaza mafuta. Karatasi ya ofuseti ipigwe picha na ibaki Tanga. Wakandarasi wengine ni waja leo waondoka leo, wakiondoka na karatasi mtaanza moja.

Shikamoo babu. Tulikuwa tunapima nje ya kisiwa cha Ulenge wakati wa kusi. Kila tukigeuza na kuanza mstari mpya, mwanzo wake haukutani na mstari wa jirani: uko juu, au uko chini, kisha baada ya muda unakaa sawa wenyewe. Kihisi kimekufa? Nahodha msaidizi.

Marahaba mjukuu wangu. Kizima kabisa. Mmekiwahi kabla hakijatulia.

Kihisi hakioni wimbi. Kinahisi msukumo tu, na kutoka kwenye msukumo kinajumlisha mara mbili ili kipate umbali wa kupanda na kushuka. Kosa dogo kwenye msukumo, likijumlishwa mara mbili, linakua bila kikomo. Kwa hiyo waliokitengeneza wamekiwekea chujio: chochote kinachobadilika polepole kinasahauliwa. Ndiyo maana yule binti wa Sahare akikinyanyua na kukishikilia juu namba inarudi sifuri. Na ndiyo maana hivu haikupi kupwa na kujaa, msije mkaidai. Hilo ni la kipimo cha maji, au GPS yenye kupima urefu kwa sentimita.

Mkigeuza, mnakilisha kihisi msukumo ambao si wa wimbi. Mathalani mwendo wa noti 6, kwenye mduara wa mita 100 kutoka katikati hadi ukingoni. Boti inasukumwa kando kiasi kwamba kihisi kisichojua mwendo wenu kinadhani upande wa chini, kule mvuto wa dunia unakoelekea, umehama zaidi kidogo ya nusu digrii. Mrama unakosea, hivu inakosea, na chujio linahitaji muda kulisahau kosa hilo. Huo ndio muda mnaouona mwanzoni mwa mstari.

Dawa ya kwanza ni ya nahodha: geuza kwa upana, polepole, kisha nyoosha uende dakika chache kabla ya kuanza kurekodi. Fungu likikubana na huna nafasi, geuka mbali zaidi. Dawa ya pili ni ya fundi: kihisi kipewe mwendo na uelekeo kutoka GPS na jairo, ile dira ya umeme, kwa waya, ili kikokotoe kona chenyewe. Vihisi vingi vinakubali. Wengi wanaacha tundu hilo tupu. Ya tatu, kama kihisi chenu kinatoa hivu iliyokokotolewa kwa kuchelewa, yaani kikisubiri kuona wimbi lililofuata ndipo kiamue lililopita, rekodini faili hilo, na msilifunge mara tu mstari unapokwisha. Liacheni liende dakika chache zaidi.

Halafu kuna kipindi cha chujio, ambacho nina hakika hamjakigusa tangu kifaa kitoke kwenye sanduku. Ndani ya ghuba mawimbi ni mafupi. Nje ya miamba wakati wa kusi yanakuja marefu kutoka bahari kuu. Chujio lililowekwa kwa mawimbi mafupi litayasahau hayo marefu kana kwamba ni kupwa na kujaa, na hivu itatoka ndogo na nje ya wakati wake. Likiwekwa refu mno, litachelewa kutulia baada ya kona. Chukua saa ya mkononi, hesabu sekunde kutoka boti inapokuwa juu ya wimbi hadi inapokuwa juu ya jingine, ukiwa unakwenda kwenye mstari wenyewe, si ukiwa umetia nanga. Mkienda na mawimbi mtayakuta marefu, mkienda kinyume mtayakuta mafupi. Weka chujio kwa yale marefu.

Mzee, mwalimu ametuagiza tufanye pachi testi kabla ya kuanza mradi. Tumeona tuifanye ndani, kwenye tope tambarare, kwa kuwa hakuna mawimbi. Yatosha? Mwanafunzi, niko likizo Raskazone.

Inatosha kwa robo yake.

Pachi testi inatafuta vitu vinne ambavyo tepu haiwezi kuviona: kuchelewa kwa muda, na pembe tatu ambazo sona na kihisi vimepishana, za mwinamo, mrama na uelekeo. Mrama ndio unaotaka tope tambarare. Pitisha mstari mmoja kwenda na kurudi, linganisha ncha za ukanda. Zikikatana kama mkasi uliofunguliwa, pembe ipo, na programu itakusaidia kuifunga.

Mwinamo na muda vinataka mteremko. Kwenye tope tambarare, sona ikitazama mbele kidogo au nyuma kidogo kina ni kilekile, huoni kitu. Mteremko upo: kingo za lango lililochimbwa, na nje ya miamba ambako sakafu inashuka kuelekea Mkondo wa Pemba. Kwenye lango zungumzeni kwanza na wanaoongoza meli bandarini, msiende kusuguana na meli ya mizigo. Mimi ningewapeleka nje, na sababu ni kina. Kosa la digrii 1 la mwinamo, kwenye maji ya mita 10, linasogeza mteremko sentimita 17. Kwenye mita 60 ni zaidi ya mita moja, na kwa kuwa unalinganisha kwenda na kurudi linaonekana mara mbili. Kosa la mita mbili unaliona kwa macho makavu. La sentimita 35 utabishana nalo mpaka chai ipoe.

Kwa mwinamo: mstari mmoja, mwendo mmoja, kwenda na kurudi juu ya mteremko, tazama mwale wa katikati. Kwa muda: mstari uleule, upande uleule, mara moja polepole na mara moja kwa kasi. Kwa uelekeo: mistari miwili sambamba, mwamba au jiwe likiwa kati yao, ukanda wa kila mmoja ulifikie kwa pembeni, mwende upande mmoja. Anza na muda, kisha mwinamo, kisha mrama, umalizie uelekeo. Kila unachokipata kiingize kwanza ndipo utafute kinachofuata.

Kabla ya yote shusha kifaa cha kasi ya sauti. Mito ya Sigi na Mkulumuzi inaingia ghubani, na masika maji matamu yanaelea juu ya maji chumvi. Sauti inapita kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde kwenye maji chumvi yetu ya joto, na kwenye tabaka la maji matamu ni pungufu. Usipolijua, ncha za ukanda zitajikunja, nawe utazilaumu pembe zisizo na hatia.

Ukipata pembe ya digrii 6 au 7, usiifurahie wala usiiingize. Rudi ukaangalie kama kihisi kimefungwa kinyume au ofuseti imeandikwa upande siwo. Na mkiing'oa nguzo jioni mkairudisha asubuhi bila pini ya kuikalisha palepale, mrudie jaribio lote.

Mzee mwenzangu, hujambo. Simu ya mjukuu wangu inajua ikilazwa na ikisimamishwa. Siwezi kuifunga na mashine yangu ya kutazamia samaki ili mwamba usirukeruke kwenye kioo? Mvuvi, Kigombe.

Sijambo ndugu yangu. Ndani ya simu kweli mna vihisi vya jamii ileile, vidogo na vya bei rahisi. Ila mashine yako haina mlango wa kuipokea taarifa hiyo, na hata ingekuwa nao, mwale wake ni mmoja na ni mpana, boti ikilala digrii chache upande wake mmoja bado unagonga chini moja kwa moja. Kinachourusha ule mchoro wako ni boti kupanda na kushuka. Soma katikati, kati ya kilele na bonde. Wapimaji wa zamani walipitisha penseli hivyohivyo kwenye karatasi ya mashine zao.

Na tazama kama mashine ina mahali pa kuandika kichwa chake kiko chini kiasi gani kutoka usawa wa maji. Wengi wameacha sifuri. Pima, ujaze.